Sauti ya Komeo

Mama yangu hatazami picha zenye panga. Nyumbani kwetu Mkolani rimoti hukaa upande wake wa kulia, upande wa mkono aliobaki nao, na mtu yeyote akitoa panga kwenye skrini, hata kama ni la kufyekea nyasi, mama hubadilisha chaneli bila kusema neno. Wageni wakishangaa tunawaambia bibi anapenda kwaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yaliyompata mama yalizidi ya nyoka.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nataka kutengeneza filamu juu ya siku ile aliyokatwa, nilitegemea akatae, na nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akaniuliza kama nitaweka mtu wa kumkata huyo atakayeigiza kuwa yeye.

"Sijui bado, mama."

"Ukijua uniambie. Mimi nilishakatwa. Sitaki kukatwa tena mbele ya watu walionunua soda."

Akatupa dagaa mmoja pembeni, akaendelea.

"Tengeneza. Lakini nataka nikae niitazame mpaka mwisho, pamoja na hao watu. Nikishindwa kuitazama mpaka mwisho, basi hiyo siyo habari yangu, ni habari yako."

Nikamwahidi. Niliahidi haraka, jinsi watu wanavyoahidi jikoni, halafu usiku nikalala nikijiuliza nitaonyeshaje mauaji bila kuonyesha panga. Ila nilishaahidi, na mimi nikishasema nimesema. Majirani huniita mbishi, na hawajakosea.

Niseme kwanza nilikotokea, mtu asije akadhani mimi ni wa kuogopa damu. Kabla sijashika kamera nilikuwa mtafsiri wa picha kwenye kibanda umiza hapahapa Mkolani. Asiyevijua vibanda hivyo, ni chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja na spika kubwa kuliko mlango. Picha zilitoka nje, zilizungumza lugha za watu, na mtafsiri alikaa pembeni na maiki akiwaeleza watazamaji kinachoendelea. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kazi hiyo huku kwetu. Mwanzoni watu walikuja kumwona mwanamke anayetafsiri, baadaye wakaja kunisikiliza.

Na kazi kubwa ya mtafsiri ilikuwa kuua. Stelingi hafi, kila mtu anajua, lakini maadui lazima wafe wengi na wafe vizuri. Nilikuwa nawapa maneno ya mwisho. Mtu anapigwa risasi huko kwao, anafumbua mdomo, nami namsemea: "Mwambieni mke wangu ugali asinisubiri!" Kibanda kizima kilikuwa kinalia kwa kicheko. Panga likimwingia mtu nilitoa mlio kwa ulimi, na mlio wangu ulisifika kuliko ule wa picha yenyewe. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Rudisha nyuma! Rudisha nyuma!" na mwenye kibanda anarudisha, adui anafufuka, ninamuua tena kwa maneno mapya. Niliipenda kazi ile na niliifanya vizuri.

Siku moja mwenye kibanda alileta picha isiyo na kava. Aliuziwa kwa ahadi kwamba ni ya kivita. Kumbe ilikuwa picha ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, kijiji cha mahali penye baridi, na habari ya mwanamume aliyeamua kumuua ndugu yake kwa sababu ya shamba. Nilikuwa natafsiri kwa kubahatisha tu. Ikafika siku yenyewe. Yule mwanamume alifunga farasi wake nje, akaingia ndani ya nyumba ya nduguye, na kamera haikuingia. Ilibaki nje na farasi. Farasi alikuwa anakula nyasi. Ghafla akainua kichwa, akaacha kutafuna, sikio moja likageukia nyumba. Akakaa hivyo. Halafu akainama akaendelea kula.

Mimi nilikuwa nimeshika maiki, mdomo wazi, sina la kusema. Hakukuwa na mlio wa kuigiza wala marehemu wa kusemea. Kutoka benchi la nyuma mtu mmoja akasema polepole, "Kashamuua." Baadaye walilalamika sana, wakadai wawekewe picha nyingine ya kufidia, na wakawekewa. Lakini mimi nimetazama maelfu ya watu wakifa kwenye skrini tangu nianze kazi ile na simkumbuki hata mmoja kwa sura. Farasi yule namkumbuka mpaka leo.

Wanaojua historia ya sinema husema zipo picha zilizovunja miiko kwa kuonyesha damu pale ambapo wenzao wote waligeuza kamera. Siwabishii. Nadhani wakati ule ulihitaji ujasiri, kwa sababu watu walizoea kuona mtu anapigwa risasi halafu anaanguka na shati safi, na huo nao ulikuwa uongo. Aliyeonyesha shati lenye damu alisema ukweli. Ila leo damu ni rahisi kuliko soda. Mtoto anaiona kwenye simu huku anakula chapati. Nikajiambia kwamba anayetaka kuvunja mwiko leo, avunje huu unaodai damu lazima ionekane.

Sasa habari ya mama. Alikuwa anaishi ng'ambo ya Busisi, kijiji ambacho sitakitaja, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Miaka na miaka ya kuinamia moshi iliyafanya macho yake kuwa mekundu. Huku kwetu kila mtu anajua macho mekundu ya mwanamke mzee yanaweza kumletea nini. Mtoto wa jirani akafariki kwa homa, mganga wa ramli chonganishi akasema aliyemroga ana macho mekundu na anaishi upande wa jua kuzama. Haikuhitaji akili nyingi.

Walimjia jioni, wakati wa kufungia kuku. Walimkata mkono alioinua kujikinga, na wangemaliza, isipokuwa gari la samaki lililokuwa linawahi kivuko lilipita na taa zake wakakimbia. Dereva na tingo wake walimfunga kwa shati, wakampakia mbele, wakavuka naye kivukoni, wakamfikisha hospitali Mwanza. Mimi niliitwa nikiwa na maiki mkononi. Tangu siku hiyo sikutafsiri tena.

Miaka ilipita na mama hakuwahi kunisimulia habari hiyo kwa utaratibu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ni baada ya ahadi ile ya jikoni ndipo aliponiambia, tukiwa tunaanika nguo.

"Unajua, panga nilishalisahau. Mwili ulisahau wenyewe. Nilipiga mwano, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Jirani yangu alikuwa karibu, kama kutoka hapa mpaka kwenye mchungwa ule. Nikasikia komeo. Hilo komeo sijalisahau."

Mwano ni yowe la kuomba msaada. Kwa Wasukuma si kelele tu. Mwano ukipigwa, kila mwenye miguu anatoka, uwe unakula, uwe unaoga, uwe umegombana na huyo anayepiga. Asiyetoka anatozwa faini na sungusungu, walinzi wa kijiji, na akiwa sugu anatengwa: hapewi moto, hasalimiwi, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Mama alipiga mwano katikati ya kijiji chenye watu, na kijiji kikafunga makomeo. Aliponieleza hivyo nilishika kamba ya nguo nikalia kwa hasira. Na hapohapo nikajua farasi wangu ni nani. Kamera itabaki ndani ya nyumba ya jirani. Tutaona mkono na komeo, na tutasikia yaliyobaki.

Kuna bwana mmoja mjini anayenunua filamu na kuzisambaza. Nilimpelekea wazo. Alisoma kwa heshima, akavua miwani.

"Dada, hii ni kali. Lakini panga liko wapi?"

"Halipo."

"Watu watasema kamera iliharibika."

"Wacha waseme."

"Basi kisasi. Mtoto wa huyu mama akue, awasake mmoja mmoja. Stelingi wako ni nani?"

"Stelingi ni huyo bibi. Hafi, anaishi Mkolani, anachambua dagaa."

Alicheka, akaniambia nikirudi na panga tutaongea. Nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kuazima kamera kwa kijana niliyezoea kufanya naye kazi za harusi. Yeye ndiye alikuwa mpiga picha wangu, mtu mwenye macho mazuri na malalamiko mengi. Naye alinung'unika kuhusu panga. Nikamwambia kazi yake ni kubeba kamera na kazi yangu ni kubeba lawama, kila mtu abebe mzigo wake.

Tulichagua kijiji kimoja cha ufukweni upande wa Busisi, si kile cha mama. Mama akasema anakuja. Hakuwa amevuka tangu alipovushwa akiwa amezimia. Safari hii hakukuwa na kusubiri kivuko, tulipita juu ya daraja tangu Kigongo, naye alitazama maji upande mmoja, kisha upande mwingine, akasema tu kwamba wamefanya kazi. Mkono wake ulikuwa umeshika kanga ukaikunja kabisa. Tulipofika ng'ambo akaikunjua.

Mwenyekiti wa kijiji na kamanda wa sungusungu walitupokea vizuri. Tulieleza kwamba kutakuwa na mwano wa kuigiza, wakatangaza kwenye kitongoji chote. Mwigizaji wetu, dada mmoja wa kwaya mwenye kifua kipana, alisimama nyuma ya nyumba jioni ile ya mazoezi, akajaza pumzi, akaupiga.

Tulisahau upepo wa ziwani. Mwano ulivuka mpaka kitongoji cha pili, ambako hakuna aliyetangaziwa. Kwanza tulisikia miguu. Wakatokea wanaume na fimbo, wakatokea wanawake na michi mikononi, wengine na unga bado kwenye viganja. Wavuvi walipanda kutoka majini na makasia, suruali zikidondosha maji. Mzee mmoja alikuja kiatu kimoja mguuni. Na waliotangaziwa nao, walipoona wenzao wanakimbia, wakashindwa kujizuia, wakakimbia pia. Walituzunguka wakihema, wakamkuta dada wa kwaya anakunywa maji kwenye chupa.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikageuka kumtafuta mama, niliyekuwa nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta. Alikuwa amesimama. Alikuwa anawatazama wale watu mmoja mmoja, jinsi mtu anavyotafuta nduguye stendi.

"Kumbe wanakuja," alisema.

Hakusema kwa uchungu, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Alisema kwa mshangao, kama amepata jibu la jambo alilokuwa anajiuliza kwa muda mrefu. Niliona haya kumtazama, nikaenda kuomba radhi kwa wale waliokimbia.

"Mwano hauchezewi, dada," kamanda aliniambia. Alikuwa mtu mzima mpole wa sauti, mwenye rungu alilolishika kama mwavuli. "Leo umewakimbiza bure. Kesho mtu akivamiwa kweli, watasema ni wale wa sinema."

Tulitozwa mbuzi, na mbuzi yule tulimla pamoja na walioleta fimbo, kwa hiyo hasira iliisha kwenye mchuzi. Kesho yake asubuhi kamanda aliitisha mkutano ili nieleze ninachotaka.

Nilieleza. Nataka vijana wa kuigiza wauaji, watakaoonekana wakipita tu dirishani. Mikono ikainuka mpaka nikacheka. Kijana mmoja alikuja na panga lake na la rafiki yake. Halafu nikasema nataka watu wa kuigiza majirani. Watakaa ndani. Mwano utapigwa, nao watafunga milango.

Hakuna mkono ulioinuka.

Nilidhani hawakunielewa, nikarudia. Watu waliangalia miguu yao. Ndipo kamanda aliposimama.

"Kuua ni kuigiza tu, kila mtu anajua hakuna aliyekufa. Lakini nikionekana nimefunga mlango mwano unapigwa, picha hiyo itaenda hadi wapi? Na siku yangu ikifika, nani atakuja kwangu? Hilo hatuigizi."

Watu wakaitikia. Hata kijana wa mapanga mawili aliitikia. Mimi nilikuwa nimekuja na jibu kwa kila atakayetaka panga, na sikuwa na jibu kwa watu wanaokataa komeo. Nikaona filamu yangu inakufa kwenye kivuli cha ofisi ya kijiji. Hasira ikanipanda.

"Basi siku ile nani alifunga?" nilisema, sauti yangu ikapaa kuliko nilivyokusudia. "Kwa sababu ilifungwa! Ilijifunga yenyewe? Upepo?"

Mama alinivuta kitenge. Nikakaa. Akasimama yeye, akatoa kanga begani, na watu waliokuwa hawajauona mkono wake wakauona.

"Mniwie radhi," alisema, "huyu mwanangu ni mbishi tangu tumboni. Mwano anaousema niliupiga mimi. Si hapa, huko mbele. Nilisikia komeo, nikaokolewa na gari la samaki. Sikuja kumtafuta aliyefunga, sina shida naye tena. Jana nimewaona mnakuja mbio kwa ajili ya mtu anayekunywa maji. Nimefurahi. Ila na la kwangu lilitokea, na nisipoliona limesemwa, nitadhani niliota."

Alikaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi chini na wenzake, wa umri wa mama au karibu na hapo, akainuka taratibu akishika magoti.

"Mimi nitafunga," alisema.

Kamanda akamtazama. "Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "si lazima."

"Nilishafunga. Si kwako wewe, ndugu yangu," alimwambia mama, "kwa mwingine. Yeye hakupata gari. Nitafunga waone mtu anavyofunga."

Watoto wenyewe waliacha kucheza. Nilitamani kumshukuru lakini niliona shukrani si mahali pake, nikainamisha kichwa tu. Mama ndiye aliyesogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi akae karibu naye, wakakaa hivyo mpaka mkutano ukaisha.

Lilibaki tatizo la mwano wenyewe, na kamanda akalitatua kwa namna ambayo nisingeifikiria hata ningesomea sinema ughaibuni. "Tutakuja kwanza," alisema, "ndipo upigwe." Jioni ile vitongoji vyote viwili vilikusanyika nyuma ya nyumba ya yule mama aliyejitolea kufunga, na fimbo zao, na michi yao, na makasia, wakasimama. Mwano ukiwakuta tayari wamefika, hakuna aliyekataa kuja. Ndani ya nyumba alibaki yule mama peke yake, na mpiga picha kwenye kona, na mimi nimebanana naye.

Dada wa kwaya alikuwa anajiandaa. Mama akamgusa bega.

"Wako ni mzuri, binti. Lakini ni wa mtu anayejua watakuja. Niache mimi."

Nilitoka nikamuuliza kama ana uhakika. Akaniuliza kama nimemleta kwa ajili ya hewa ya ziwa. Nikarudi ndani.

Sitaueleza mwano wa mama. Upo kwenye filamu, anayetaka ausikie. Ulipoanza, yule mama ndani aliinuka kwenye kigoda, akaenda mlangoni. Sikuwa nimemwambia aendeje wala ashikeje. Alifunga mlango kwa upole sana, ule upole wa mtu asiyetaka mlango usikike, halafu akasukuma komeo. Chuma kiligonga chuma mara ya kwanza kisiingie, akasukuma tena kikaingia. Akabaki ameegemeza kiganja kwenye mbao. Nje mama alikuwa anaendelea. Niliuma kanga yangu nisitoe sauti. Nilikuwa ninatazama kitu ambacho mama alikisikia tu, na nilielewa kwa nini mwili ulisahau panga ukakumbuka hiki.

Ndipo jambo likatokea ambalo hatukulipanga. Yule mama alitikisa kichwa, akasema neno ambalo maiki haikulinasa, akavuta komeo kwa nguvu, akaufungua mlango ukagonga ukuta, akatoka mbio. Kwa umri wake alikimbia. Mpiga picha, Mungu ambariki na malalamiko yake, alimfuata na kamera bila kuzima. Watu walimpisha. Alimfikia mama akamkumbatia, na mama, aliyekuwa bado katikati ya mwano, akanyamaza.

Mpiga picha alikuwa analia waziwazi. "Huo ndio mwisho wa picha!" aliniambia. "Dada, Mungu ametupa mwisho!"

Kila mtu alikubaliana naye. Hata yule bwana wa mjini, nilipomwonyesha kipande hicho baadaye, alisahau panga. Akasema kama filamu itaishia hapo, mlango unafunguka na mtu anatoka, anainunua kesho. Na mimi mwenyewe nilikuwa nataka iishie hapo. Nilikitazama kipande kile nikiwa peke yangu na nikahisi kama mama amepona kabisa, kama mtu amekwenda akarekebisha siku ile. Nilimpelekea mama habari hiyo njema. Alikuwa anachambua mchele.

"Kata kabla hajafungua," alisema.

"Mama, lakini ni kweli. Alifungua. Hakuna aliyemwambia."

"Ni kweli yake. Yangu mimi hakufungua mtu. Ukiweka pale, watu watatoka wakisema, aa, kumbe mwishoni walikuja. Wataenda kulala."

Nilibisha. Nilibisha mpaka chakula kikaiva, nikaeleza habari za matumaini na za wanunuzi. Mama alinisikiliza, akapakua, akaniambia nile. Usiku nikakata. Nilikata pale kiganja kinapobaki kwenye mbao, nikauacha mwano wa nje uendelee juu ya kiganja kile mpaka unapoisha, kisha taa za gari zinapita chini ya mlango. Bwana wa mjini akanirudishia filamu yangu kwa masikitiko. Nikaipokea.

Tuliionyesha kwa mara ya kwanza hapahapa Mkolani, Jumapili mchana, kwenye kibanda kilekile nilichokuwa naulia watu. Mabati yamebadilishwa, mabenchi ni yaleyale. Walijaa, maana walisikia mtafsiri wa zamani amerudi. Mama alikaa benchi la mbele na soda yake. Nilipomchungulia niliona amekuja na rimoti ya nyumbani, imelala mapajani juu ya kanga. Haikuwa na kazi yoyote pale, na wote wawili tulijua.

Mlango ulipofungwa kwenye skrini, chuma kikagonga chuma. Vidole vya mama vikaishika rimoti. Mwano ukaanza kwenye ile spika kubwa, na kijana mmoja katikati ya kibanda akasimama wima, kisha akakumbuka yuko wapi, akakaa. Hakuna aliyemcheka. Wala hakuna aliyesema rudisha nyuma. Mimi nilikuwa ukutani, sitazami skrini, namtazama mama. Alitazama kiganja kile mpaka mwisho, mwano wake mwenyewe ukampita, taa za gari zikapita, majina yakapanda. Alikunywa soda iliyobaki.

Nyumbani alivua viatu, akakaa mahali pake, akasema filamu ni nzuri ila ule ugali niliouonyesha mwanzoni ni laini mno, watu wa ziwani hawali ugali kama ule. Nikasema nimesikia. Akaiweka rimoti mezani, mbali na mkono wake.

"Sasa niwekee kile kipande kingine," alisema.

Nilichomeka kompyuta kwenye televisheni. Komeo likavutwa, mlango ukagonga ukuta, yule mama akatoka mbio kati ya fimbo na makasia, akafika. Mama alikuwa ameinamia mbele, mdomo umeachama kidogo. Kipande kikaisha, kioo kikawa cheusi.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nikarudisha.